Kukimbia kwa Marwan bin Muhammad: Tuisomeje Riwaya ya Tabari?

Wahubiri wengi hukifupisha kisa cha kuanguka kwa Bani Umayya kwa maneno machache: walidhulumu, Mwenyezi Mungu akawaondoa. Tunaona usomaji huu ni wa haraka, kwani Imam Tabari (aliyefariki 310 H.) katika Tarikh yake ametuachia zaidi ya hayo.

Anasimulia kuwa Khalifa Marwan bin Muhammad alishindwa na jeshi la Bani Abbas penye mto Zab, Jumada al-Akhira 132 H. (Januari 750). Daraja likakatwa, wengi wakafa maji. Marwan akakimbilia Harran, akapita Hims, Dimishqi na Palestina hadi Misri, na mwisho wa mwaka ule akauawa Busir. Mji baada ya mji, waliokuwa raia zake hawakumhifadhi.

Ubora wa Tabari ni kuwa hutaja wapokezi wake, na katika utangulizi ametahadharisha kuwa yeye amenukuu tu yaliyomfikia. Basi lawama si yake, bali ni ya msomaji asiyepima sanadi, akasahau kuwa habari hizi nyingi zilikusanywa chini ya dola iliyoshinda.

Lakini lipo swali ambalo Tabari hakulijibu, nalo ni la mafakihi. Imepokewa kuwa Sayyidna Ali (R.A.), siku ya Jamal mwaka 36 H., alikataza kumfuata anayekimbia na kummaliza majeruhi. Imam Shafi (R.A.) ameijenga juu yake hukumu ya waasi, Mahanafi wameruhusu kumfuata akiwa na kundi la kurejea. Hukumu hii imewekwa kwa imamu anayepigana na waasi. Hapa mambo yamegeuka: anayekimbia ndiye aliyepewa bai'a, na wanaomfuata ndio waliotoka dhidi yake. Ikiwa muasi anayekimbia ana hifadhi, aliyekuwa imamu ataikosa kwa dalili gani?

Atakayesema kuwa Marwan naye aliuchukua ukhalifa kwa upanga mwaka 127 H., amesema kweli. Ila hoja hiyo haiwatakasi Bani Abbas. Inatufundisha tu kuwa ushindi si dalili ya haki, wala kushindwa si dalili ya batili.

Kwa hiyo tunawanasihi maimamu wetu: wanapokisimulia kisa hiki juu ya mimbari, watenganishe lililotokea na lililo halali. Mwanahistoria hutupa la kwanza; la pili tuliulize sharia.

Wallahu a'lam.