Mapishi ya Jamaa: Maneno Juu ya Kitabu cha Bibi Rombauer

Miongoni mwa vitabu vilivyotumika sana katika nyumba za Marekani tangu mwaka 1931 kimo kimoja cha upishi, jina lake The Joy of Cooking, kazi ya Bibi Irma Rombauer wa mji wa St. Louis. Huenda msomaji akauliza, mapishi ya watu wa mbali yatuhusu nini sisi walimu na makasisi tushughulikao na lugha na desturi? Jawabu ni hili: tunapowaagiza wanafunzi waandike mapishi ya kwao, mara nyingi twapata maandiko makavu, ambayo mama mwenyewe akisomewa hayatambui kuwa ni maneno yake. Kitabu hiki chaonyesha kwamba si lazima iwe hivyo.

Kwanza tumjue mwenye kitabu. Bibi Rombauer alizaliwa mwaka 1877 katika jamaa ya asili ya Kijerumani. Mumewe, aliyekuwa mwanasheria, alijiua mwaka 1930. Basi mjane huyo, umri wake umepita miaka 50, alikusanya maagizo ya upishi, yake na ya rafiki zake, akachapisha nakala 3,000 kwa fedha zake mwenyewe. Hakuwa mpishi wa sifa. Alikuwa mwenye nyumba aliyezoea kukaribisha wageni na kuzungumza nao vizuri. Binti yake Marion ndiye aliyetengeneza picha, na juu ya jalada alimweka Mtakatifu Martha akimshinda joka. Martha twamjua katika Injili ya Luka, sura ya 10, jinsi alivyosumbuka kwa utumishi mwingi. Joka ni nyongeza ya mapokeo ya Ufaransa. Hapo joka ni mfano wa kazi za jikoni zimchoshazo mwanamke.

Baadaye Marion alishirikiana na mama yake katika uandishi, na nyumba yake karibu na Cincinnati aliiita Cockaigne. Jina hilo latoka katika hadithi za kale za Ulaya, za nchi ya shibe isiyo na kazi. Ili wasomaji wajue ni vyakula vipi, katika maelfu ya maagizo yale, vilivyopendwa na jamaa yenyewe, jina la nyumba liliongezwa kwa jina la chakula. Naona alama hiyo ni ya maana. Yamwambia mgeni: haya mengine twakupa kwa kuwa ni sahihi, bali hiki ndicho tulacho sisi mezani petu.

Tena kuna jambo la uandishi. Vitabu vingi vya upishi hutanguliza orodha ya vitu vyote, kisha hufuata maelezo, hata mpishi hupanda na kushuka kwa macho akitafuta kipimo alichokisahau. Katika toleo la mwaka 1936 Bibi Rombauer aliiacha njia hiyo. Kila kitu hutajwa pale kinapotiwa, katika mfululizo wa kazi yenyewe: fanya hivi, kisha chukua hiki, kiasi hiki, ukitie. Ndiyo njia ya mama amfundishaye binti yake, maana mama hamwambii mtoto vitu kumi kabla hajainjika chungu. Humwambia kimoja kimoja, mkono ukiwa kazini.

Tuchukue mfano mmoja, chakula kiitwacho Brownies Cockaigne. Ni keki nyeusi ya chokoleti, hukatwa vipande vya mraba. Vitu vyake havina ajabu: siagi, chokoleti isiyo na sukari, mayai 4, sukari, unga wa ngano, vanila, chumvi na kokwa. Lililo bora ni maonyo yake. Siagi na chokoleti zikiisha kuyeyushwa yapasa zipoe kwanza. Na sababu yatajwa papo hapo, kwamba zisipopoa keki itakuwa nzito na kavu. Mayai yasiwe ya baridi, nayo hupigwa mpaka yafanye povu jepesi. Kisha kuchanganya ni kwa mikono, kwa mapigo machache ya upesi, hata kwa mtu mwenye mashine ya kupigia. Hapo mwanafunzi hapewi amri tupu, bali apewa amri pamoja na sababu yake na alama ya kuitambua. Mwenye kujua sababu aweza kujisaidia siku kitu kimoja kinapokosekana; asiyeijua hutii tu, na likiharibika hajui limeharibikia wapi.

Wala hatukisifu kitabu hiki kupita kiasi. Ni kikubwa mno, hata kupendwa kwa chakula kimoja kwaweza kupotea katika wingi. Matoleo ya kwanza yaliegemea sana vyakula vya makopo. Vipimo vyake ni vya vikombe, na joto lake ni la joko lenye kipimo, visivyomfaa mtu apikaye kwa mafiga matatu. Alama ya Cockaigne nayo yasema kwamba jamaa yapenda, lakini mara nyingi haisemi nani alianza kukipika wala kililiwa siku gani. Na sisi tutafutao desturi twalitamani hilo.

Lakini yaliyotukia mwaka 1997 yaonyesha nguvu ya kitabu ilikuwa wapi. Irma alikuwa amekufa mwaka 1962, na Marion mwaka 1976. Wachapaji walitoa toleo jipya lililoandikwa kwa msaada wa mabingwa wengi wa upishi. Maarifa yaliongezeka, lakini ile sauti ya mwenye nyumba anayezungumza na mgeni ilififia, na wasomaji wengi walilalamika. Toleo la mwaka 2006 lilirudisha mengi ya kale, na lile la mwaka 2019 lilitengenezwa na kitukuu cha Irma pamoja na mkewe. Basi usahihi peke yake haukuwatosha wasomaji. Walitaka pia kumsikia mtu.

Sasa turudi kwetu. Mwanafunzi akiambiwa aandike upishi wa wali wa nazi, huandika hivi: Mahitaji: nazi 2, mchele kisaga 1, chumvi kiasi, maji ya kutosha. Njia: pika mpaka uive. Hakuna uongo ndani yake, wala hakuna faida. Neno “kiasi” kinywani mwa mama huambatana na mkono wake, nawe waona. Katika karatasi mkono haupo.

Mama akiulizwa husema namna nyingine: Kuna nazi, utie maji kidogo, ukamue kasimile, uiweke kando. Ile chicha itie maji tena, ukamue tui jepesi, uliteleke pamoja na chumvi. Likichemka, tia mchele ulioosha. Maji yakikaribia kukauka, mimina kasimile, geuza mara moja, funika, punguza moto wa chini na palia makaa juu ya kifuniko. Ukimwuliza kwa nini kasimile huja mwisho, atakujibu kwamba tui zito likichemka mno hukatika. Tazameni: kila kitu chatajwa mahali pake, alama ipo, na sababu ipo. Njia ile aliyoifikia Bibi Rombauer mwaka 1936, mama zetu waitumia kwa vinywa vyao, nasi shuleni twawafundisha watoto kuiacha.

Hasara si ya chakula tu, ni ya lugha pia. Katika neno “pika” hupotea kuteleka, kutokosa, kukaanga, kubanika, kusonga, kupalia na kuepua, na kila moja ni kazi mbali. Kadhalika pishi, kisaga na kibaba: mtoto asiyeambiwa kwamba vibaba 2 ni kisaga, na visaga 2 ni pishi, hataelewa hesabu ya bibi yake.

Kwa hiyo nashauri walimu wenzangu mambo matatu. Mwanafunzi aandike kwa mfululizo wa kazi, kama alivyoambiwa, asitangulize orodha. Kila neno la “kiasi” aliulizie, apate kipimo au alama. Na mwisho aandike jina la jamaa iliyompa, na siku ambayo chakula hicho huliwa, kama ni arusi au matanga au jioni ya kila siku. Kazi hii yataka daftari moja na subira ya kuuliza, nayo ifanywe wakati wenye kuulizwa wangali hai.