Ufundi wa Kubisha Hodi

Ufundi wa kuhubiri husifiwa sana. Wa kubisha hodi hausifiwi. Jarena Lee alikuwa nao wote wawili, nami namhusudu zaidi kwa huo wa pili.

Alizaliwa mwaka 1783 Cape May, New Jersey, Mweusi huru katika nchi ya utumwa, na alipofikisha miaka saba alikuwa tayari mtumishi wa ndani, mbali na wazazi wake. Mwaka 1811 aliolewa na mchungaji Joseph Lee. Katika miaka sita hivi mauti yaliingia kwao mara tano, yakamchukua na mume, akabaki na watoto wawili, mmoja angali ananyonya. Kabla ya kuolewa alikuwa amemwendea Richard Allen, kiongozi wa Wamethodisti Weusi wa Philadelphia, akamweleza kwamba ameitwa kuhubiri. Allen alimjibu kuwa taratibu za kanisa hazimtambui mwanamke mhubiri.

Ikapita miaka kama minane. Siku moja mhubiri alikuwa akifundisha kitabu cha Yona, maneno yakamkauka mimbarini. Mjane akasimama pale pale alipoketi, akaliendeleza hubiri. Alidhani atatolewa nje. Allen, sasa askofu, aliinuka akakiri mbele ya watu kwamba mama huyu ameitwa kweli.

Hapo safari ikaanza. Mwaka 1827 peke yake alikwenda maili 2,325 akatoa mahubiri 178. Kwetu huo ni mwendo wa reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kurudi, kisha kwenda tena. Mara alipanda gari la farasi, mara meli, mara alikwenda kwa miguu. Mshahara hakuwa nao. Alifika mahali asipojulikana, akapokewa na waumini, na jioni sebule ikawa kanisa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: neno hilo wengi tunalisema tukikaribishwa chai, yeye aliliishi. Mwenye mimbari yake anaweza kuwachosha watu na Jumapili ijayo bado watakuja. Mgeni hana Jumapili ijayo. Inambidi aijue nyumba kabla hajafungua Biblia: nani mgonjwa, nani amefiwa, nani hataki kumwona.

Mzee mmoja mwenye watumwa, aliyeshikilia kwamba watu Weusi hawana roho, alikuja kuketi karibu naye kabisa akamkazia macho ili amtahayarishe. Jarena akaendelea na neno lake. Anasimulia kwamba baadaye ilisemekana mzee huyo alibadilika sana, mwenendo wake ukawa mwema zaidi. (Laiti angewaachia huru! Upole wa bwana si uhuru.)

Gharama ilikuwepo. Mwanawe aliyekuwa akiugua-ugua alibaki mikononi mwa watu wengine, kwa muda nyumbani kwa Askofu Allen. Habari za maisha yake alizichapisha mwenyewe mwaka 1836, akaviuza vitabu safarini. Mwaka 1852 mkutano mkuu wa kanisa lake, African Methodist Episcopal, ulikataa kuwapa wanawake kibali cha kuhubiri. Kanisa hilo hilo lilimbariki kuwa mchungaji mwaka 2016, akiwa kaburini zaidi ya karne moja.

Usharika wenu ukiwa na mjane anayezunguka na Biblia kwa nauli yake mwenyewe, msingoje afe. Mwandikieni barua ya utambulisho, na nauli mpeni.