Mtutu Uliopunguzwa: Namna ya Kuitambua Kazi Safi

Mwindaji anayepanda miteremko ya Alps au Rocky na bunduki ya kilo nne na ushei begani hahitaji kuelezwa kwa nini watu hupeleka mitutu kwa fundi ikakerezwe. Mtutu ndio uliobeba sehemu kubwa ya chuma cha bunduki, na uzito ulioko mbele ndio unaochosha mkono. Viwanda vililiona hilo zamani: mwaka 1952 Winchester ya Marekani ilitoa Model 70 Featherweight, yenye mtutu mwembamba wa inchi 22. Miongo kadhaa kabla ya hapo, W.D.M. Bell, aliyewinda tembo huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, alijulikana kwa kupenda bunduki nyepesi za milimita 7 na 6.5.

Bunduki hizo, hata hivyo, zilitoka kiwandani zikiwa nyepesi. Mtutu mnene unaopunguzwa baadaye ni habari nyingine. Mtutu wa namna hiyo uhukumu kwa tundu lake kwanza. Mng'aro wa nje uje mwisho.

Anza na hesabu

Uzito wa chuma cha duara hufuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe mara moja. Ukakamavu wake hufuata kipenyo kikizidishwa hivyo mara tatu. Chukua mtutu wenye tundu la milimita 7.8. Ukikereza kipande cha sentimita 40 kutoka kipenyo cha milimita 22 hadi 17, unaondoa karibu gramu 480. Uzito wa kipande hicho umeshuka kwa takriban asilimia 46, lakini ukakamavu umeshuka kwa asilimia 65. Fundi anayekuahidi kwamba utapata wepesi bila kupoteza chochote, usimwachie bunduki yako.

Wengine hupendelea kuchonga mifereji ya nje badala ya kupunguza unene wote. Njia hii ina faida ya kweli: kwa uzito uleule, mtutu wenye mifereji ni mkakamavu kuliko mtutu mwembamba usio nayo. Lakini bado ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya kuchongwa. Ukiukagua, hakikisha mifereji yote ina kina kimoja na inaanzia na kuishia mstari mmoja.

Jua mtutu ulivyotengenezwa

Hapa ndipo fundi stadi anapojulikana, kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa hili: mifuo ya msokoto iliyo ndani ya mtutu ilitiwa kwa njia gani?

Mtutu ambao mifuo yake ilikatwa kidogo kidogo kwa kisu chembamba huwa na mkazo mdogo ndani ya chuma. Huo hukerezeka kwa amani. Mtutu uliosukumiwa kitufe kigumu cha kabaidi ni tofauti: kitufe hakikati chuma, hukibana kirudi pembeni, na chuma hubaki kimefunga mkazo. Ukiondoa ngozi ya nje kabla mkazo huo haujalegezwa kwa moto wa tanuri, tundu hupanuka, hasa kuelekea mdomoni, ambako chuma kimeondolewa zaidi. Mtutu uliofuliwa kwa nyundo za mashine nao umejaa mkazo, na ukikerezwa unaweza kupinda. Ndiyo maana watengenezaji wengi makini hulegeza mkazo kwanza, ndipo wakakereza umbo la nje.

Fundi asiyeuliza swali hilo anakisia.

Kagua ndani

Kipimo cha kuaminika ni cha zamani na hakina gharama. Baada ya kuhakikisha bunduki haina risasi na bolti imetolewa, fundi huchukua kipande laini cha madini ya risasi, kinene kidogo kuliko tundu, na kukisukuma polepole kwa fimbo kutoka upande wa chemba. Mwombe akuachie fimbo uisukume mwenyewe. Mkono wako unapaswa kuhisi ukinzani uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Ukizidi kubana kidogo mdomoni, furahi. Watengenezaji wa mitutu ya shabaha huitafuta hali hiyo. Lakini kipande kikianza kulegea kadiri kinavyokaribia mdomo, tundu limepanuka. Kasoro hiyo haina dawa, isipokuwa kukata sehemu iliyolegea kama urefu unaruhusu.

Kisha pima unene wa ukuta pale mdomoni, pande nne, kwa maikromita. Kazi nzuri hutofautiana kwa sehemu za mia za milimita. Ikiwa upande mmoja ni mnene kuliko mwingine kiasi cha kuonekana kwa jicho, mtutu ulikerezwa bila kulifuata tundu lake. Ukuta usio sawa hupata joto bila usawa, na mtutu huvutwa upande mmoja unapochemka.

Kagua karibu na chemba

Kwa risasi ya .308 Winchester, kanuni za C.I.P., chombo cha kimataifa cha upimaji wa silaha, huruhusu presha ya juu kabisa ya bari 4,150. Presha hiyo hufikia kilele karibu na chemba, kisha hushuka kadiri risasi inavyokimbilia mdomoni. Kwa hiyo chuma kinachoizunguka chemba, na kinachofuata mara mbele yake, hakiguswi. Fundi mzuri huacha silinda kamili hapo, kisha huanza mteremko taratibu. Ukiona chuma kimeliwa hadi nyuma ili gramu chache zaidi zipungue, usiipige bunduki hiyo kabisa.

Uingereza sheria ni kali: mtutu uliodhoofishwa kiasi kwamba muhuri wake wa zamani wa kupimwa hausemi tena kweli hauruhusiwi kuuzwa bila kupimwa upya London au Birmingham. Kwa bunduki za mifuo, kipimo cha C.I.P. hutumia presha iliyozidi kiwango cha kawaida kwa asilimia 25. Fundi anayeikubali kazi yake ipitie hapo anajiamini.

Sasa kagua nje

Simama chini ya taa ndefu ya tyubu, ushike mtutu sambamba nayo, utazame mstari wa mwanga uliolala juu ya chuma. Uzungushe polepole. Mstari usiokatika wala kutetemeka unaonyesha kwamba mashine ilishikiliwa vema na mtutu ulipewa tegemeo katikati ulipokuwa ukikerezwa. Mstari wenye mawimbi unaonyesha kwamba chuma kiliruka mbele ya kisu, na msasa ukatumika kuficha. Angalia pia ubao wa mbele: mtutu mwembamba huacha pengo pana katika mfereji wake, na kazi iliyokamilika hulisawazisha pande zote mbili.

Jaribu uwanjani

Bunduki ya kuwinda huthaminiwa kwa risasi ya kwanza kutoka mtutu baridi. Piga moja, uache mtutu upoe kabisa, piga nyingine, na urudie hivyo siku tofauti. Kisha piga tano mfululizo. Matundu ya risasi kwenye shabaha yakitawanyika kidogo, ni tabia ya mtutu mwembamba. Yakitembea kuelekea upande mmoja kadiri joto linavyopanda, huenda mkazo ungali ndani ya chuma, au ukuta hauko sawa.

Usisahau bega lako. Kutoka kilo 4 hadi 3.5, nguvu ya teke huongezeka kwa takriban asilimia 14. Kwa bunduki za .375 H&H na kubwa zaidi, uzito ni rafiki wa mpigaji; mitutu hiyo iache kama ilivyo. Hata kwa bunduki ndogo, usiondoe uzito wote wa mbele, kwani ndio unaotuliza mtutu unapopiga ukiwa umesimama.

Peleka bunduki yako kwa fundi mwenye leseni, umwachie muda, umlipe haki yake. Lakini kama bado hujui mtutu wako ulitiwa mifuo kwa njia gani, tafuta jibu hilo kwanza. Ukilikosa, nunua mtutu mwembamba uliotengenezwa hivyo tangu mwanzo.