"Jeni" au "Alama Juu ya Jeni"?

Mfasiri wa habari za lishe ya baba na mbegu za kiume hushawishika kuandika kwamba chakula "hubadili jeni". Fasiri hiyo hatuikubali. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba panya dume waliolishwa chakula chenye upungufu wa folati, vitamini ipatikanayo katika mboga za majani, walikuwa na mbegu zenye alama tofauti za methili, na baadhi ya watoto wao walikuwa na kasoro za maumbile. Alama hizo si jeni. Hubandikwa juu yake, na huathiri jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Kwa hiyo twapendekeza "alama za epijenetiki", kwani "epi" kwa Kiyunani ni "juu ya".

Tofauti hii si ya maneno matupu. Jeni iliyobadilika hubaki hivyo, lakini alama nyingi hufutwa baada ya mimba kutungwa. Mwalimu aliyesoma "jeni" atamhukumu baba aliyekosa mboga kuwa ameuharibu uzao wake. Aliyesoma "alama" atamshauri ale vizuri kabla ya kutafuta mtoto.