Benson Wanjau na Kiswahili cha Mzee Ojwang': Lafudhi kama Fani

Benson Wanjau, ambaye Wakenya wengi walimjua kwa jina lake la uigizaji tu, Mzee Ojwang', alifariki dunia mjini Nairobi tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78. Tangu siku hiyo amekumbukwa kwa mapenzi makubwa, lakini mapenzi hayo hayakufuatwa na uhakiki. Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuchambua tamthilia iliyochapwa; mwigizaji wamemchukulia kuwa ni chombo cha kupitishia maneno ya mwandishi. Wanjau hakuacha kitabu. Matini yake ilikuwa kinywa chake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lafudhi aliyoitumia, ambayo walimu wa lugha hawakuchoka kuilaumu, ilikuwa fani iliyojengwa kwa makusudi, na kwamba anayeipima kwa kipimo cha usanifu peke yake hataiona.

Jina la Mzee Ojwang' lilikua pamoja na mchezo wa televisheni wa Vitimbi, uliorushwa na Sauti ya Kenya katika miaka ya 1980 na ukaendelea baada ya kituo hicho kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989. Ojwang' ni mume wa Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Ni mzee mbishi, mwepesi wa hasira, anayetaka neno lake liwe la mwisho nyumbani na aghalabu halipati kuwa la mwisho. Michezo ya namna hii ilitegemea sana ubunifu wa papo kwa papo: waigizaji walielewana juu ya kisa, kisha mazungumzo wakayaunda wenyewe mbele ya kamera. Kwa hiyo Wanjau hakuwa mtamkaji wa maneno ya mtu mwingine. Alikuwa mtunzi, na utunzi wake ulipita katika sauti.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, yafaa kuutazama mchezo huo kutoka mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya mama. Kizingo, upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa, ni mtaa wa mchanganyiko. Katika nyumba zake wameishi maofisa wa serikali waliohamishwa kutoka bara, wafanyabiashara wa asili mbalimbali na watu wa pwani wenyewe. Na si mbali na hapo ni Mji wa Kale, ambako Kimvita kimerithishwa kizazi baada ya kizazi. Hadhira ya namna hii ina masikio mawili. Mtu wa bara husikia katika kauli za Ojwang' sauti ya jirani au ya mjomba wake. Mzawa wa pwani husikia kwanza kosa. Mcheko waweza kuwa mmoja, lakini sababu zake ni mbili.

Sikio hili la pili ndilo lililozaa lawama kwamba michezo kama Vitimbi iliharibu Kiswahili cha watoto. Lawama hiyo haifai kudharauliwa. Mtoto hujifunza lugha kwa kuiga, na televisheni ni mwalimu asiyenyamaza. Hata hivyo, lawama hiyo inachukulia kwamba Wanjau alisema vile kwa sababu hakujua kusema vinginevyo. Hapo ndipo inapokosea.

Wanjau alikuwa Mgikuyu. Mhusika wake alikuwa Mjaluo. Tofauti hii ina maana kubwa kiisimu. Kijaluo hakina sauti /sh/, /z/ wala /v/, na kwa hiyo mzungumzaji wake anayejifunza Kiswahili huelekea kusema “samba” mahali pa “shamba”, “sawadi” mahali pa “zawadi”, na “fitu” mahali pa “vitu”. Aidha, Kijaluo si lugha ya Kibantu, hakina ngeli, na upatanisho wa kisarufi humpa taabu mwanafunzi wake. Matatizo ya Mgikuyu ni mengine kabisa. Yeye huchanganya /l/ na /r/, na huelekea kutia king'ong'o kabla ya /b/ na /d/, hata “baba” ikawa “mbaba”. Ama ngeli, hizo amezaliwa nazo, kwani lugha yake ni ya Kibantu kama Kiswahili.

Hivyo Wanjau alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Alipaswa kuficha makosa ambayo kinywa chake kingeyafanya kwa urahisi, na kuyafanya makosa ambayo kinywa chake hakikuwa na sababu ya kuyafanya. Alipaswa kuivunja ngeli anayoijua na kuiacha sauti anayoiweza. Na haya yote aliyafanya bila mswada kamili, katikati ya mabishano ya kasi, kwa miaka zaidi ya thelathini. Asiyejua lugha hawezi kukosea kwa utaratibu wa namna hiyo. Watazamaji wengi walimdhania Mjaluo wa kuzaliwa, na wengine hawakuutambua ukweli hadi habari za kifo chake zilipotangazwa.

Yapo pia mazingatio ya kihistoria ambayo hadhira ya Mombasa ina haki ya kuyakumbuka kuliko nyingine yoyote. Mkutano ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa mwaka 1928, katika mji wa Kimvita wenyewe. Tangu hapo mtoto wa Mji wa Kale anayesema “ndia” na “mato” amesahihishwa darasani aseme “njia” na “macho”, ingawa maneno yake ndiyo ya wazee wake na lahaja yake ndiyo ya Muyaka bin Haji. Bila shaka Kimvita na Kiswahili cha Ojwang' si kitu kimoja: cha kwanza ni lahaja yenye sarufi yake na ushairi wa karne nyingi, cha pili ni taswira ya usemi wa mtu aliyejifunza lugha ukubwani. Lakini rula iliyovipima ni ile ile. Aliyewahi kuchapwa kwa rula hiyo hana budi kusita kabla ya kumchapa nayo mwenziwe.

Swali gumu zaidi ni la kimaadili. Je, mtu wa kabila moja kuiga lafudhi ya kabila jingine ili watu wacheke si dhihaka? Huenda ikawa hivyo, na katika vichekesho vingi vilivyofuata ndivyo ilivyokuwa: lafudhi hubaki peke yake, bila mtu ndani yake. Kwa Ojwang' hali ni tofauti. Mtazamaji humcheka kwa ubishi wake na kwa kushindwa kwake na mkewe, mambo ambayo hayana kabila. Lafudhi humpa makao, si aibu. Katika nchi ambayo siasa zimewagombanisha Wagikuyu na Wajaluo mara kwa mara, hata damu ikamwagika baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Mgikuyu aliishi ndani ya jina la Kijaluo na akapendwa na pande zote mbili. Hili si jambo dogo, wala halikutokea kwa bahati.

Mwisho wa maisha yake ulidhihirisha namna jamii inavyothamini na kutothamini sanaa ya aina hii. Macho yake yalipodhoofu, matibabu yake yalitegemea michango ya umma. Watu waliochekeshwa naye walimchangia. Taaluma ya Kiswahili haikumchangia hata makala. Deni hilo linaweza kulipwa bado. Vipindi vya Vitimbi vilivyosalia vinastahili kukusanywa na kunukuliwa neno kwa neno, pamoja na matamshi yake, kwa uangalifu ule ule unaotumika katika kunukuu tenzi. Mnukuzi atakayeandika “samba” asiibadilishe ikawa “shamba”. Akiisahihisha, atakuwa amemfuta mtunzi.