Mafuta ya ganda la korosho na kiwele cha ng'ombe: kilichothibitishwa maabara, kilichobaki zizini

Mbanguaji wa Newala au Masasi huyajua mafuta ya ganda la korosho kwa vidole vyake. Kabla ya kushika ganda lililopasuka hujipaka majivu au mafuta mengine, maana utomvu ule wa kahawia hubabua ngozi na kuacha madoa yanayokaa siku nyingi. Ndani ya utomvu huohuo imo kemikali ambayo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, imeonyeshwa mara kwa mara kuwa inaua bakteria wa jamii zilezile zinazoharibu viwele vya ng'ombe wa maziwa. Ushahidi huo ulijengwa hatua kwa hatua, na kila hatua ilijibu swali moja tu. Anayezichanganya hatua hizo huishia ama kuisifu dawa ambayo bado haipo, ama kuidharau kazi ya miaka mingi.

Kwanza wingi wa malighafi. Ganda ni karibu asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi, na robo au zaidi ya uzito wa ganda ni mafuta. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna korosho zaidi ya tani 300,000, nyingi zikitoka mkoa wa Mtwara. Kwa hesabu ya haraka hizo ni tani 210,000 za maganda, na ndani yake mafuta yasiyopungua tani 50,000. Sehemu kubwa ya korosho zetu husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na maganda huondoka nazo.

Mafuta ya ganda bichi, yasiyopitishwa motoni, yana asidi ya anakadi kiasi cha asilimia 60 hadi 70. Kinachobaki ni kadoli na kadanoli kwa sehemu kubwa. Asidi ya anakadi ni asidi ya salisili, ndugu wa karibu wa asprini, iliyoungwa na mkia mrefu wa kaboni 15. Kichwa chake kinapenda maji na mkia unapenda mafuta, umbo lilelile la sabuni. Molekuli ya namna hiyo hupenya kwenye utando wa bakteria na kuuvuruga hadi unavuja.

Aliyeifanya kemia hiyo iwe hoja ya tiba ni Isao Kubo na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1991, Himejima na Kubo walichapisha kazi iliyotenganisha asidi za anakadi za mafuta ya ganda la korosho na kuzipima moja moja dhidi ya vijidudu mbalimbali. Kutenganisha huko ndiko kulikokuwa na thamani. Dawa nyingi za mimea hupimwa zikiwa mchanganyiko mzima, kisha mpimaji hawezi kusema ni kitu gani kilichofanya kazi. Wao waliona kwamba mikia hutofautiana: kuna wenye viungo maradufu vitatu kati ya kaboni zake, viwili, kimoja, na usio nacho kabisa. Kadiri viungo hivyo vilivyozidi ndivyo nguvu ilivyozidi, na ule wa vitatu uliwazuia bakteria kadhaa kwa mikrogramu chache tu katika kila mililita. Mwaka 1996 Muroi na Kubo wakaenda mbele zaidi: waliitumia asidi hiyo pamoja na antibiotiki ya methisilini dhidi ya Staphylococcus aureus sugu, na methisilini ikapata nguvu iliyokuwa imeipoteza.

Matokeo hayo yana mpaka, na mpaka huo ni muhimu kwa mfugaji kuliko nguvu yenyewe. Bakteria waliokufa kirahisi ni wale wa Gram chanya, yaani wanaoshika rangi katika jaribio alilobuni Hans Christian Gram mwaka 1884. Wale wa Gram hasi, kama Escherichia coli, wana utando wa pili upande wa nje, na asidi ya anakadi huishia hapo. Sasa tutazame kiwele. Bakteria wanaohama kutoka ng'ombe hadi ng'ombe kwa mikono ya mkamuaji na kitambaa cha kufutia, hasa Staphylococcus aureus na Streptococcus agalactiae, ni Gram chanya. Wale wanaotoka kwenye samadi na matandiko machafu, kama E. coli na Klebsiella, ni Gram hasi. Kwa hiyo mafuta ya korosho yanaweza kuwa silaha dhidi ya ugonjwa wa mikono, si dhidi ya ugonjwa wa banda chafu. Anayekuuzia dawa ya mmea inayotibu vyote viwili mwulize amewapima bakteria gani.

Ugonjwa huo wa mikono ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwa macho. Esron Karimuribo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzake, waliufuatilia kwa wafugaji wadogo wa Tanga na Iringa na kuchapisha mwaka 2006. Hapo na katika tafiti nyingine za nchini, mara nyingi zaidi ya nusu ya ng'ombe waliopimwa walikutwa na ugonjwa wa kiwele uliojificha: maziwa yanaonekana mazuri, ng'ombe anakula, ila uzalishaji unashuka polepole. Ugonjwa huo hugunduliwa kwa jaribio lililobuniwa na Schalm na Noorlander huko California mwaka 1957, ambalo daktari wa mifugo hulifanya pale pale zizini. Anashika sahani ya plastiki yenye vikombe vinne, anakamua kila robo ya kiwele katika kikombe chake, anamimina dawa ya sabuni kiasi sawa na maziwa, kisha anaizungusha taratibu kwa sekunde kama kumi. Maziwa mazima hubaki majimaji. Ya robo yenye ugonjwa huanza kuvutika, halafu huwa ute mzito unaojikusanya katikati ya kikombe. Sabuni imepasua chembe nyeupe za damu zilizokimbilia kwenye kiwele kupigana na bakteria, na DNA iliyotoka ndani yake ndiyo inayofanya ute. Mfugaji akiona kikombe kimoja kimeganda na vitatu viko sawa, hahitaji hotuba tena.

Baada ya hapo wengi hukimbilia bomba la antibiotiki linaloingizwa kwenye chuchu, au sindano ya oksitetrasaiklini inayonunuliwa dukani. Mwaka 2006 Lusato Kurwijila na wenzake walichapisha uchunguzi wa maziwa yanayouzwa sokoni nchini, na mabaki ya dawa hizo yalikuwamo. Hamu ya kutafuta dawa za mimea inatokana na hali hiyo, na ni hamu halali.

Hata hivyo, kupeleka mafuta ya korosho moja kwa moja ndani ya kiwele naona ni wazo baya. Kipimo cha maabara hufanyika kwenye majimaji safi. Kiwele kimejaa mafuta na protini, na molekuli yenye mkia unaopenda mafuta itanaswa na mafuta ya maziwa kabla ya kumfikia bakteria. Ukiongeza dozi ili kufidia, unaunguza tishu laini za ndani kwa kemikali ileile inayobabua vidole vya mbanguaji. Antibiotiki zilizozoeleka zina kasoro zao, lakini ziliundwa zifanye kazi mahali hapo.

Mahali panapofaa ni ngozi ya chuchu, nje, dakika ile ukamuaji unapokwisha. Tundu la chuchu hubaki wazi kwa muda baada ya kukamua, na bakteria walioachwa na mikono hupata njia. Kuchovya chuchu katika dawa wakati huo ni mojawapo ya nguzo za mpango uliotokana na kazi ya Neave, Dodd, Kingwill na Westgarth wa Uingereza, iliyochapishwa mwaka 1969, na dawa iliyozoeleka ni ya ayodini. Kwenye chuchu hakuna bahari ya mafuta ya kuinasa asidi ya anakadi, na maadui wanaolengwa ni haohao wa Gram chanya.

Kwa uwanda wa Makonde hoja hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu ya maji. Udongo wa uwanda ni wa kichanga, mvua huzama na kutokea chini kwenye mabonde. Newala imekaa juu ukingoni, ikitazama bonde la Ruvuma, na maji ya bomba yanapandishwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema. Masasi, chini ya uwanda, kati ya vilima vyake vya mawe, ina hali tofauti kidogo. Ng'ombe anayekamuliwa hunywa makumi ya lita kwa siku, na baada ya hapo ndipo mwenye nyumba afikirie maji ya kunawa mikono na kuosha kiwele. Ushauri wa usafi ulioandikwa kwa kudhani bomba liko zizini unamwacha mtu wa Newala bila msaada. Dawa ya kuchovya inahitaji kikombe kidogo tu kwa chuchu zote nne. Haiondoi haja ya kunawa, lakini pale maji yanapokuwa haba ndiyo kinga inayoleta faida kubwa kwa maji machache.

Tatizo linalofuata ni la kiwandani. Joto kali huiondolea asidi ya anakadi kaboni dioksidi na kuigeuza kadanoli, yenye faida katika rangi na breki za magari lakini dhaifu kwa bakteria. Mtu anayechoma korosho kwenye bati lenye matundu anaiharibu dawa, na kiwanda kinachopitisha korosho kwenye mafuta ya moto nacho kinaiharibu. Tofauti hiyo ilijitokeza hata kwa vijidudu vya tumbo la ng'ombe: Watanabe na wenzake wa Japani, katika kazi ya mwaka 2010, walitia mafuta ya ganda kwenye maji ya tumbo la ng'ombe maabara, na yale mabichi yalipunguza gesi ya methani kwa zaidi ya nusu, yakiyashinda yale yaliyopashwa moto. Anayetaka dawa lazima akamue ganda bila moto mkali.

Kisha lazima asafishe. Kadoli na wenzake ni wa ukoo mmoja na kemikali za mimea inayowasha ngozi, na hakuna mkulima atakayekubali chuchu zilizopasuka. Wahindi wa Bangalore, Paramashivappa na wenzake, walichapisha mwaka 2001 njia ninayoipenda kwa wepesi wake: mafuta yanayeyushwa katika methanoli yenye maji kidogo, hidroksidi ya kalsiamu, yaani chokaa, inaongezwa taratibu, mchanganyiko unapashwa hadi nyuzi 50 na kukorogwa saa tatu. Asidi ya anakadi hushikana na kalsiamu na kutuama, kadoli na kadanoli hubaki kwenye majimaji. Unachuja, unaitia asidi nyingine, na unaipata ile ya anakadi. Mwaka 2008 Joseph Philip na wenzake, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Lund cha Sweden, walionyesha njia nyingine ya kutumia kaboni dioksidi yenye shinikizo kubwa, safi zaidi lakini ya mitambo ghali. Kwa Masasi ningeanza na chokaa.

Mmea mwingine unaofanyiwa kazi nchini umepita njia ya kinyume. Mvunjakongwa, Synadenium glaucescens, ulianzia kwa waganga, na Faith Mabiki, Robinson Mdegela na wenzao wa Sokoine wakaufuata nyuma kutafuta kilichomo kwenye mizizi yake. Korosho haina mganga nyuma yake. Ilianzia kwa wakemia, na hilo linamaanisha hakuna kizazi cha wafugaji waliokwisha kuijaribu na kuona madhara yake.

Kwa hiyo kilichobaki ni jaribio la zizini, na muundo wake unajulikana. Robo nne za kiwele hazipitishiani maziwa, hivyo ng'ombe mmoja anaweza kuwa mtihani na kipimo chake mwenyewe: chuchu mbili za kushoto zinachovywa dawa ya korosho, mbili za kulia ayodini ya kawaida, kwa miezi kadhaa, na maziwa ya kila robo yanapimwa na kuoteshwa maabara. Shamba la serikali la mitamba la Nangaramo, wilayani Nanyumbu, na kituo cha Mtwara cha Wakala wa Maabara ya Veterinari viko karibu. Udhaifu wa muundo huo ni mikono ya mkamuaji, inayoweza kuhamisha bakteria kutoka kulia kwenda kushoto na kuficha tofauti, kwa hiyo glovu zibadilishwe kati ya pande mbili. Ncha za chuchu zikaguliwe kila wiki na mtu asiyejua upande upi ulichovywa nini, na ngozi ikianza kukakamaa, kiasi cha dawa kipunguzwe kabla ya kuendelea. Matokeo hayo, pamoja na takwimu za usalama wa mkamuaji mwenyewe, ndiyo yatakayopelekwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kuomba usajili.