Kuwahesabu Wapitaji

Masika yanapoingia Isingiro, Uganda, mwezi wa tatu, watu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale hutazama chini: mbegu za mahindi, maharage, mtaro wa kuzuia maji yasiingie ndani. Juu ya vichwa vyao kuna msafara. Shakivale wa Urusi na Kazakistani, tai wa nyika, na mwewe weusi waliotoka Ulaya na Asia wanarudi kaskazini kuzaa, baada ya kukaa kwetu na kusini zaidi tangu mwezi wa kumi. Hawapigi kelele, na mara nyingi huwa juu mno hata ukadhani ni vumbi limekuingia jichoni. Ukimkuta mtu mzima ameketi kilimani, uso ameuelekeza juu na kalamu mkononi, usimhurumie. Yuko kazini, ingawa hana mshahara, na kazi yenyewe ni ya ufundi.

Ndege mzito hawezi kupiga mbawa kutoka Ankole hadi Siberia; nguvu zingemwishia njiani. Hungoja jua liipashe ardhi moto. Kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi hewa ya moto hupanda, naye hupanda nayo akizunguka, mbawa amezitandaza tu, kisha huteleza mbali hadi akutane na hewa nyingine inayopanda. Baharini hewa hiyo ni haba, kwa hiyo ndege hawa hukimbilia njia nyembamba za nchi kavu na kubanana huko. Ndiyo maana Eilat, kusini mwa Israeli, wahesabuji waliandika ndege wawindaji zaidi ya milioni moja katika majira ya kuchipua ya mwaka 1985. Batumi, mji wa Georgia kando ya Bahari Nyeusi, watu wa kujitolea wamekuwa wakihesabu kila vuli tangu 2008, na huko pia milioni huvukwa. Sisi hatuna mlango mwembamba kama huo. Ndege hupita wametawanyika, na siku nzima kilimani inaweza kuisha kwa ndege thelathini, au kwa sifuri. Sifuri nayo huandikwa. Wengi huacha kazi hii hapo, kwenye sifuri ya pili au ya tatu.

Anayeanza huhesabu duara. Anawaona ndege kama arobaini wakizunguka, ananyoosha kidole, wanapishana, anaanza upya, wanazidi kupanda, mara hawapo. Mzoefu huwaacha wazunguke wapendavyo. Anamngoja yule wa juu kabisa akunje mbawa kidogo na kuondoka, wengine wamfuate mmoja mmoja. Mstari huo ndio unaohesabika. Wakiwa wengi huhesabiwa kumi kumi, na kila kumi hubonyezwa kwenye kidude cha kuhesabia kilichofichwa kiganjani, ili jicho lisiondoke angani. Wakati huo mwenzake anashughulika na maumbo. Mkia wa mwewe una panda, naye huupinda huku na huku akijiongoza. Wa shakivale hukunjuka mviringo, na shingo yake ni fupi. Tai wa nyika ana mbawa ndefu, pana, na manyoya ya ncha yameachana kama vidole. Pungu mkia wake ni mfupi kiasi kwamba miguu huupita, lakini huyo ni mwenyeji, hamhusu mhesabu wapitaji. Rangi ni ya kuogopwa: shakivale mmoja ni wa kahawia, wa pili mwekundu wa kutu, wa tatu karibu mweusi, na wote ni ndugu. Mwishowe daftari husomeka hivi: saa 4:10, mawingu robo, upepo mdogo wa mashariki, shakivale 14, kaskazini, mwewe 3, wasiotambuliwa 6.

Hao sita ndio wanaonifanya niiheshimu kazi hii. Mtu amedamka, amepanda kilima, macho yanamwasha, na ana kila sababu ya kuwafanya wale kumi na wanne kuwa ishirini. Nani atamkagua? Ndege wenyewe wameshafika Sudan Kusini, nani ajuaye. Anaandika sita, hakuwatambua, basi.

Nakivale hesabu si jambo geni. Makazi haya yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipofika Wanyarwanda, na leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Kila mmoja ameandikishwa, amechukuliwa alama za vidole, amepangwa kwenye mstari, amehakikiwa. Siku moja mama mmoja wa Kikongo, ndoo ya mihogo kichwani, alitukuta na karatasi zetu akasimama.

"Papa, tupange mulolongo?"

Nikamwambia, "Hapana mama, tunahesabu ndege." Akauliza ndege watapewa nini. Hawapewi kitu. Alicheka, akatua ndoo, akatazama juu kwa muda, kisha akauliza swali ambalo wanafunzi wa chuo huchelewa kuliuliza: "Na wakirudi kesho, si mtawahesabu mara mbili?"

Hilo ndilo swali kubwa la kazi yote. Jibu lake ni mwelekeo: anayevuka kuelekea kaskazini anaandikwa, anayerudi nyuma anafutwa, na mwewe anayeshinda sokoni akinyemelea nyama ya mchuuzi haingii kabisa. Mama alilielewa mara moja. Wanadamu nao huhesabiwa mara mbili: mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, waliwahakiki upya wakimbizi wote walioko Uganda, kwa vidole na kwa mboni za macho, na idadi iliyokuwa ikitajwa, milioni 1.4, ikashuka hadi kama milioni 1.1. Laki tatu hivi hazikuonekana, katika nchi ambayo wakati huo chakula cha mkimbizi kiligawanywa kwa idadi. Penye mgawo, hesabu huvutwa. Shakivale hana mgawo, ndiyo maana hesabu yake inaweza kubaki nyoofu, ingawa hata kilimani kuna kishawishi cha sifa, nami nimewaona wanaokifuata.

Kuna watakaosema siku hizi kuna setilaiti. Zipo. Mwaka 2019 watafiti wa Urusi walikuwa wakiwafuatilia tai wa nyika kwa vifaa vya kutuma ujumbe wa simu. Tai wakakaa mahali pasipo na mtandao, ujumbe ukarundikana, kisha wakaingia Iran na kuutuma wote kwa gharama ya nje ya nchi, hadi bajeti ya simu ikakauka na watafiti wakaomba michango ya umma. Kifaa hukuambia tai huyu yuko wapi. Hakikuambii wamebaki wangapi.

Na hilo la wangapi ndilo lililobadilisha mambo. Mwaka 1975 Derek Pomeroy wa Chuo Kikuu cha Makerere alichapisha utafiti wake juu ya ndege wanaoishi kwa takataka za Uganda, tumbusi na korongo aitwaye karoli, wakati ambapo wengi waliwaona kuwa uchafu juu ya uchafu. Bila daftari za zamani za namna hiyo, nani angethubutu kusema tumbusi wamepungua? Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa daraja la mwisho kabla ya kutoweka, na tai wa nyika naye akatangazwa kuwa hatarini. Sababu mojawapo ni sumu. Machi 2021, huko Ishasha katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, simba sita walikutwa wamekufa, na kando yao tumbusi wanane.

Daftari za namna hiyo bado zinaandikwa: shirika la NatureUganda huwahesabu ndege wa majini kila Januari na Julai, na ardhioevu ya Mburo na Nakivale imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani tangu 2006. Kuwahesabu wawindaji wa angani hakuhitaji hata mtumbwi. Ukipanda teksi kutoka Nakivale kwenda Mbarara, kaa dirishani. Anza na mwewe juu ya nguzo za umeme, uuzoee mkia wake, kisha umtafute asiye na panda. Andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza, maana bila hizo mwewe wako saba hawasomeki: ni saba wa dakika kumi, au saba wa njia nzima?